Kiti cha Abiria

3 Februari

Mdogo wangu,

Barua hii ikukute mzima na kazi inakwenda. Mimi nipo. Magoti yananikumbusha umri kila ninapopanda ngazi, lakini hilo nalisema tu ili upate la kunicheka. Kifungua mimba wangu bado yuko ng'ambo, amepata mtoto wa pili, nimeletewa picha. Binti naye kahamishwa kazi, safari hii mbali zaidi. Nyumba ina vyumba vinne nami nalala kimoja, kwa hiyo mengine malizia mwenyewe. Jirani yangu mshona mapazia anakusalimu. Hajasahau siku uliyomtengenezea cherehani kwa waya wa baiskeli.

Nimekupigia simu mara nyingi. Inaita mpaka inachoka. Ndiyo maana nimeshika kalamu, jambo nisilolifanya tangu nilipostaafu uuguzi na kuachana na ripoti za wodi.

Sitaki kuzungumzia msiba. Miaka mitatu imepita, na kila mtu anajua nani alikuja kumzika mume wangu na nani hakuja. Naandika kuhusu gari.

Kobe bado yuko bandani. Juzi alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu, akalizunguka gari mara mbili, akalipiga teke tairi, akasema atalichukua kwa mizani, kama viazi. Moyoni nilikuwa nimeshakubali. Alipoweka tu mkono juu ya boneti, mdomo wangu ukasema hapana. Akaniuliza gari lisilotembea nalifanyia nini. Nikafunga geti.

Wewe na shemeji yako ndio mlilinunua likiwa zee tayari, mkalipa hilo jina, mkawa mnalala chini yake kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja mkisingizia matengenezo. Basi niambie ukweli wa kifundi. Linaweza kuwaka? Na mwanamke wa miaka sitini na tatu, anayejua kubadilisha dripu lakini hajawahi kugusa plagi, anaweza kuliwasha mwenyewe? Sitaki fundi wa hapa. Wa hapa ataniona mjane kabla hajaliona gari.

Ni mimi,
Dada yako


2 Machi

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Gerejini kazi ni nyingi. Mimi mzima. Simu yangu imeharibika sehemu ya kusemea, nasikia lakini sisikiki, kwa hiyo usihangaike kupiga. Andika tu. Na huu mwandiko uuvumilie, kalamu za siku hizi hazina adabu.

Hongera kwa mjukuu. Sura kachukua ya nani? Msalimie jirani.

Gari litawaka. Gari lililolala si gari lililokufa, ila usiliamshe kwa pupa.

Ufunguo usiuguse kwanza. Hiyo betri imekwisha, usiibembeleze, nunua nyingine. Unapoitoa ya zamani anza na waya wa hasi. Unapofunga mpya, huo wa hasi uwe wa mwisho. Petroli iliyomo imeoza. Chini ya tangi kuna nati ya kutolea. Imwage yote kwenye ndoo, mchana, gari likiwa nje, na moto wowote uwe mbali. Sukumeni watu watatu kulitoa bandani. Kisha mwaga oili ya injini, weka mpya. Chomoa plagi nne, moja moja, usije ukachanganya nyaya zake. Katika kila tundu dondosha matone mawili ya oili safi, uache mpaka kesho yake. Halafu zungusha injini kwa mkono, kwa spana kubwa kwenye nati ya puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, taratibu kama unayegeuza mgonjwa. Ikikubali kuzunguka umeshapita mlima. Ikigoma, usishindane nayo, niandikie.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo. Narudia, magogo.

Na tafuta mtu wa kuwa naye unapofanya haya.

Mdogo wako


28 Machi

Marahaba, mdogo wangu.

Mjukuu sura kachukua ya babu yake, paji lote la uso. Magoti yale yale. Bomba la jikoni lilipasuka nikalifunga mwenyewe, siku hizi sishindwi na chuma.

Limewaka. Nilifuata kila neno lako. Panya walikuwa wamejenga kwenye kisafisha hewa, ghorofa nzima ya vipande vya magazeti, nikawahamisha kwa ufagio. Injini ilizunguka kwa mkono siku ya pili. Nilipogeuza ufunguo lilikohoa, likakataa, likakohoa tena, mara moshi mweusi ukajaa uwanja. Jirani alikuja mbio na ndoo ya maji akidhani naungua. Alinikuta nimeshika usukani, machozi yananitoka kwa moshi. Nakwambia ni moshi.

Nililipeleka mbele mpaka getini, kisha nikalirudisha kinyumenyume. Hiyo ndiyo safari yangu ndefu kuliko zote mwaka huu.

Unasema nitafute mtu wa kuwa naye. Nimecheka. Watatu wa kusukuma nilipata kwa kusimama njiani kama mwombaji. Wakasukuma, wakaenda zao.

Sasa nataka uniongoze kwenye jambo jingine. Gari linatembea lakini halikaliki. Kiti kimebonyea, naisikia kila springi kwa jina. Upepo unapiga mluzi mlangoni. Kuna kitu kinagonga kwenye dashibodi, na mtu mmoja hawezi kuendesha huku anatafuta mlio. Vioo havipandi mpaka uvisukume kwa kiganja. Shemeji yako hakuyajali haya kwa sababu alikuwa anaimba. Mimi siimbi. Nataka nikikaa humo mifupa inyamaze.

Betri mpya imeniishia mara mbili, sijui kwa nini.

Likizo yako ni lini? Hukusema.

Dada yako


22 Aprili

Dada, shikamoo.

Huku mvua. Mimi sijambo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nilimwambia fundi rangi wetu hapa gerejini kwamba dada yangu kalifufua Kobe, akasema uongo. Nikamwonyesha barua.

Tuanze na mluzi. Chukua karatasi, iweke kwenye ukingo wa mlango, funga mlango, kisha ivute. Ikitoka bila kung'ang'ania, hapo mpira umechoka na ndipo upepo unapopita. Zungusha mlango mzima hivyo, weka alama kwa chaki. Mpira mpya unauzwa kwa mita. Kwangua gundi yote ya zamani kabla hujaubandika, la sivyo wiki ya pili mpira utakuwa unaning'inia.

Kiti kitoe chote. Kimeshikwa na nati nne tu. Juu ya springi shona gunia nene ili zisile sponji. Kisha sponji mbili, ngumu chini, laini juu. Watu huweka laini tupu, wanafurahi mwezi mmoja halafu wanarudi chini. Jirani yako atakushonea kitambaa. Mwambie asivute sana pembeni, kiti nacho hupumua.

Kwa kelele za chini, ng'oa mazulia uangalie bati. Penye kutu sugua, paka rangi, acha ikauke kabisa, ndipo utandike blanketi zee chini ya zulia. Mlio wa dashibodi utafute gari likiwa limesimama na injini inanguruma: bonyeza kwa kiganja huku na huku. Mlio utakaponyamaza, hapo ndipo penyewe, sokomeza kipande cha sweta. Reli za vioo zipake mshumaa.

Kuhusu betri. Betri mpya haiishi yenyewe. Ama kuna waya unaovuja umeme, ama kuna mtu anayekaa ndani ya gari lililozimwa akisikiliza redio. Kagua waya kwanza. Kama si waya, dada, nenda ukakae kwa jirani.

Nakutumia furushi. Ni spana zangu, seti nzima, na bisibisi tatu. Zitumie tu, mimi kwa sasa nina nyingine.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Sote hatujambo.

Si waya. Umepata jibu lako. Alasiri nikimaliza kufagia huwa naingia kwenye gari nafunga mlango, nasikiliza taarifa ya habari. Nyumbani redio ileile inaongea na vyumba vinne. Garini inaongea na mimi. Sasa umejua, na ukimwandikia mwanangu neno hili nitakukana.

Nami nipe langu.

Nimefungua furushi. Nilizitandaza spana juu ya meza. Ile namba kumi na tatu uliyoinunua kwa mshahara wako wa kwanza imo. Ile uliyoikata mwenyewe ili iingie nyuma ya kabureta imo. Siku moja shemeji yako aliiazima bila kukwambia, ukamnunia wiki mbili. Mdogo wangu, fundi hagawi spana zake. Anagawa shati, anagawa chakula chake, lakini spana anafungia.

Na mwandiko wako. Zamani uliinamia mbele kama mtu anayewahi. Sasa umelala nyuma, na wino umeburutwa kila mstari, kama anavyouburuta anayeandika kwa mkono wa kushoto na kiganja kinapita juu ya maneno mabichi. Wewe hukuzaliwa wa kushoto. Nimesoma chati za wagonjwa miaka thelathini na mbili, usinidanganye kwa kalamu.

Umepatwa na nini?

Na kwa kuwa nimeanza, nimalizie. Asubuhi ile aliyofariki mume wangu mtu wa kwanza kumpigia ulikuwa wewe, kabla ya wanangu. Ulipokea. Nikakwambia. Ukanyamaza, nikakusikia unapumua, kisha ukakata. Nimeishi na huko kukata miaka mitatu.

Dada yako


14 Juni

Mdogo wangu,

Wiki tano sasa. Posta hawajagoma, nimewauliza.

Basi tuache niliyouliza. Jirani anakusalimu. Kiti cha dereva kimekamilika, nimekaa juu yake kama waziri. Kobe hapigi mluzi tena. Tulipita barabara ya soko mimi na jirani, yeye nyuma ameshika mapazia ya mteja, akasema hajui kama tunatembea au tumesimama.

Nina swali la kifundi. Nataka kukitengeneza kiti cha abiria kwa ajili ya mgonjwa wangu mmoja. Ni mwanamume wa miaka hamsini na minane, mrefu. Mkono wa kulia haumtii, na nadhani mguu wa kulia nao unaburuta kidogo. Inawezekana hata ulimi umekuwa mzito, ndiyo maana hapokei simu. Ni mkaidi. Safari ni ya saa saba. Kiti kiweje ili asiumie, na aweze kuingia na kutoka?

Nisaidie kama fundi. Sikuulizi lingine.

Dada yako


1 Julai

Dada, shikamoo.

Nimeipata. Nimeisoma mara nyingi.

Huyo mgonjwa wako, kwanza, hapendi kubebwa. Hilo lijue kabla hujafungua nati yoyote.

Kiti chenu kiko chini mno. Mtu wa namna hiyo akizama hatoki. Kinyanyue kwa mbao ngumu, unene wa vidole vitatu, chini ya reli zote mbili, na ununue bolti ndefu, usitumie za zamani. Pengine nyuma uongeze kidogo kuliko mbele, ili mwili wenyewe umsaidie kusimama. Upande wake wa kulia weka mto mgumu, mwembamba, kati ya mbavu na katikati ya gari, maana kwenye kona atakuwa anaangukia huko na ataona haya kusema. Juu ya mlango funga mkanda wa kushika, ule wa mizigo, uupitishe kwenye bati lenyewe na siyo kwenye plastiki. Mkono wake wa kushoto una nguvu. Una nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Juu ya kiti tandika kitambaa kinachoteleza. Akikaa kwa mgongo, miguu ikiwa bado nje, atajigeuza mwenyewe bila kushikwa. Hilo ni la muhimu kuliko yote.

Ulimi wake ni mzito, kweli. Watu wasiomjua humdhania mlevi. Ameacha kwenda dukani.

Mwambie asisafiri. Au usimwambie. Sijui, dada. Mimi ni fundi tu, nimejibu la kiti.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Nimemwambia. Amenyamaza, ndivyo alivyo.

Kiti kimekamilika. Mbao nilizikata mwenyewe. Jirani alijifanya mgonjwa, akalegeza mkono na mguu, akaingia na kutoka mara sita mpaka akachoka akasema sasa anaumwa kweli. Mkanda umeshika. Mto wa pembeni tumeushona mara mbili, wa kwanza ulimbana mbavu.

Breki nilizitoa hewa kwa njia uliyozoea kuitumia na shemeji yako, nyingi nilikuwa nakumbuka kwa kusikia. Kazi ile ni ya watu wawili, mmoja akanyage, mwingine afungue. Jirani alikanyaga. Niliposema "achia" alikanyaga, niliposema "kanyaga" aliuliza mpaka wapi. Tulimaliza jua linazama, lakini breki inashika ukiigusa tu. Nimeendesha kila siku wiki mbili, mpaka daraja la mto na kurudi. Sina hofu tena ya malori.

Nafika kwako tarehe tatu Agosti, saa kumi jioni, Mungu akipenda. Usiniandikie nisije. Barua yako haitawahi, nimepiga hesabu ya posta.

Dada yako


13 Agosti

Mdogo wangu,

Nimefika nyumbani salama. Kobe hakunisumbua hata mara moja.

Najua ulikuwepo, lakini nataka kuandika nilivyoona mimi, maana tulisema machache.

Nilikukuta umekaa kwenye kigoda kando ya ukuta wa gereji. Shati limefungwa vifungo vyote, mpaka cha shingoni, nami najua kifungo kimoja kinataka nini kwa mkono mmoja. Ulisema "dada". Lilitoka zito, kama lililobebwa. Nilikuelewa.

Ulinionyesha chumba chako nyuma ya stoo, kitanda, meza, na ukuta wa misumari yenye funguo za magari ya watu. Ulinieleza polepole kwamba mwenye gereji hakukufukuza. Ulitoka kwenye spana ukawekwa kwenye funguo. Nikakwambia ni kazi ya kuaminiwa. Ulitazama pembeni. Sasa naona nilisema kama ninavyosema kwa wagonjwa.

Asubuhi ulimkagua Kobe. Hukuniangalia, ulitazama mbao, bolti, mkanda. Ulifunga mlango juu ya karatasi ukaivuta, haikutoka. Kisha ukakaa kwa mgongo, ukajigeuza mwenyewe, na nusu ya uso wako ikacheka. Kama ningekufa siku ile ningekuwa nimeshalipwa.

Ulikubali kuja kukaa kwangu. Hatukubishana hata. Saa tatu tulikwenda vizuri, wewe ukalala. Tukafika kituo cha mafuta pale njia panda. Nikashuka, nikaweka mafuta, nikaja upande wako, nikakufuta mdomo, nikakaza mkanda, nikauliza kama umekunywa dawa ya mchana.

Ukatazama mbele. Ukasema, "Nirudishe."

Nikauliza umesahau nini. Ukasema tena, "Nirudishe, dada."

Nikageuza gari. Saa tatu nyingine. Nilikushusha pale pale kwenye kigoda.

Sina hasira. Nilirudi peke yangu njia nzima na kiti chako kilichonyanyuliwa kando yangu, na kwa kuwa gari sasa halina kelele, sikuwa na cha kusikiliza. Ningependa kujua nilikosea wapi. Na lile la simu bado hujalijibu.

Dada yako


9 Septemba

Dada, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne. Mkono huu ni mwepesi wa kuchoka.

Kiti hukukosea. Sijawahi kukaa kwenye gari lililotengenezwa vizuri hivyo, na nimetengeneza mengi.

Siku tisa kabla ya shemeji kufariki nilianguka gerejini, chini ya lori. Nilipozinduka nilikuwa hospitali, upande wa kulia si wangu. Uliponipigia, muuguzi aliweka simu kwenye mkono wangu wa kushoto. Nilikusikia ukisema, "Ametutoka." Nilitaka kusema pole. Neno dogo kama hilo. Nilifungua mdomo, nikasikia sauti inaanza kunitoka, dada, kama ya mnyama. Nikakata usije ukaisikia. Ulikuwa umebeba maiti ya mumeo siku hiyo, sikutaka nikupe na kitu kingine cha kubeba.

Baadaye nilipoweza kuandika nilijua ukisikia tu utakuja. Ulikuwa umetoka kuuguza kitanda kimoja miaka miwili. Sikutaka nikuwekee cha pili. Mwaka ukapita, kisha aibu ikakua kuliko ugonjwa.

Sasa la njia panda. Nitakwambia jambo la shemeji, na unisamehe. Mwaka wake wa mwisho alinipigia simu siku moja, akasema unamuuguza vizuri mno, hajawahi kulala kwenye shuka chafu. Halafu akasema anamkumbuka mke wake. Nikamwambia si yuko naye humo ndani? Akasema yupo nesi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakupenda mpaka mwisho.

Pale kwenye mafuta, uliponifuta mdomo, niliuona uso wako unaingia kazini. Mpaka hapo nilikuwa mdogo wako, tunasafiri. Nikaogopa. Niko tayari kuwa peke yangu na funguo za watu, lakini siko tayari kukaa nyumba moja na dada yangu huku nikimkosa.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba, saa nne asubuhi, nitakupigia. Simu yangu haijawahi kuharibika. Nimechelewa kusema neno moja na nataka kulisema mwenyewe. Usinisaidie kulimaliza.

Mdogo wako


8 Oktoba

Mdogo wangu,

Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, na bati la banda linavuja upande wa nyuma.

Aliyoyasema shemeji yako niliyasoma, nikakunja barua, nikaenda kufua vitu visivyokuwa vichafu. Kesho yake nikaisoma tena. Sikukasirika. Nililia kwa sababu nilijua. Alikuwa akinitania, namwambia apumzike. Akitaka nikae karibu naye, nabadilisha shuka. Nilidhani kazi ndiyo mapenzi, maana kazi naijua. Hakuna wa kumwomba radhi sasa, na wewe si yeye, lakini imebidi niliandike mahali.

Jumapili nilikaa mezani tangu saa tatu. Jirani aligonga, nikamwomba aje baadaye. Ulipopiga niliiacha iite mara mbili ili usijue nilikuwa naisubiri.

Nilikusikia unapumua, kama siku ile. Nikakaza meno. Ulianza neno, likakurudia, ukaanza upya. Miaka thelathini na mbili nimewamalizia watu maneno, mdogo wangu, hujui nilivyoishika hiyo meza. Kisha likatoka lote. "Pole, dada."

Nikakujibu kama watu wote wanavyojibu, nimeshapoa. Nimelisema neno hilo kwa mamia ya watu waliokuja msibani, na kila mara lilikuwa uongo wa heshima. Safari hii nilipolisema nilisikia kitu kinatua. Ndiyo maana nilinyamaza baada ya hapo. Hukukata. Ahsante kwa kutokata.

Nyumba iko vilevile, vyumba vinne. Sitakuficha, Jumapili mchana ulikuwa mrefu kuliko siku nyingine, kwa kuwa sasa najua sauti yako iko wapi na haiko hapa.

Sikuombi uje kuishi. Njoo siku nne. Nitakuja kukuchukua mwisho wa mwezi, tutakwenda kaburini kwake, utaniangalizia hilo bati kwa macho na mimi nitapanda. Siku ya tano nitakurudisha kwenye funguo zako, kama utataka kurudi.

Mdomo utajifuta mwenyewe. Leso nitakuwekea mfukoni, upande wa kushoto. Na sitakuuliza habari za dawa.

Labda mara moja tu, siku ya kwanza.

Dada yako